Muti si picha: Mairie ya Bukavu iombe kwanza feza ya mwongozo wa kupanda miti

Bukavu, Oktoba 2024

Vijana wenzetu wa Ibanda, Kadutu na Bagira,

Mvua imerudi. Tangu Septemba, kila mutu anayekaa ku mutelemuko analala na sikio moja nje. Pamoja na mvua zinarudi pia kampeni za kupanda miti. Tarehe 5 Desemba ni siku ya kitaifa ya muti katika inchi yetu. Tutaona tena tishati mpya, mabango, wakubwa wanashika mpaushi, muche mumoja, kamera kumi. Kisha kila mutu anarudi kwake, na muche unabaki na mbuzi.

Hatupingi kupanda miti. Wengi wetu tumepanda, na tutapanda tena. Lakini mwaka huu tunasema jambo moja, na tunaomba ulisome mpaka mwisho mbele ya kutoa maoni: mbele ya kuomba feza ya miche elfu au milioni, Mairie ya Bukavu iombe feza ya kutengeneza mwongozo wa kupanda miti wa Bukavu yenyewe. Kitabu kidogo, kwa Kiswahili, Mashi na Kifaransa, kinachosema wazi: muti gani, mahali gani, mwezi gani, nani anaupanda, nani anauchunga, na wapi muti hautasaidia kitu.

Tayari tunasikia jibu la wengine: "Watu wanakufa, na nyinyi munaomba kitabu?" Ndiyo, tunaomba kitabu. Tueleze juu ya nini.

MILIMA YETU HAINGOJEI

Bukavu haikuchorwa kwa watu wote hawa. Wakati wa ukoloni, ilipoitwa Costermansville, mukoloni alijenga muji mudogo wa wazungu kwenye zile rasi zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu kama vidole vya mukono, na waafrika akawaweka Kadutu na Bagira. Leo tunapita milioni moja, katika muji wenye kilomita mraba kama 60 tu. Watu walitoka Shabunda, Walungu, Mwenga, Kalehe, wengi wakikimbia vita, na kila mumoja alitafuta mahali pa kusimamisha mbao na mabati. Mahali tambarare palikuwa na wenyewe. Kilichobaki ni mutelemuko.

Njo maana leo Cimpunda, Nyamugo, Nkafu, Nyakaliba na sehemu kubwa ya Panzi zimejaa nyumba ambazo mulango wa mumoja unaangalia bati la mwingine. Ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari, na nyuma yake vilima vinapanda mbio. Mvua ikianguka, maji hayana pa kupumzika. Hakuna majani ya kuyapunguza nguvu, hakuna mizizi ya kuyanywesha udongo. Yanapita kati ya nyumba, yanakula njia, yanabeba udongo na taka mpaka muto Kahuwa, na Kahuwa inamwaga vyote ziwani. Chupa za plastiki zinaishia kwenye mitambo ya umeme ya Ruzizi. Kisha tunakaa gizani na kumulaumu paka mutu wa SNEL.

Tena tunaishi juu ya ardhi inayotetemeka. Tetemeko la 3 Februari 2008 wakubwa wenu nyumbani wanalikumbuka. Mutelemuko uliokosa mizizi, ukashiba maji, halafu ukatikiswa, hauhitaji mutu wa kuusukuma.

Na hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushuhuda. Tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, ziwa hili hili, milima hii hii. Mvua kubwa ilianguka, mito ikatoka njia zake na kuteremuka na mawe, na vijiji vikafagiliwa. Zaidi ya watu 400 walipatikana wamekufa, na maelfu hawakuonekana tena. Mvua ilikuwa kubwa, hakuna anayekataa. Lakini mvua ile ilikuta milima iliyovuliwa nguo, na ikakuta watu wamejenga pale muto ulipozoea kupita. Bukavu ina vyote viwili.

MICHE YETU INAKUFA JUU YA NINI?

Serikali ya Kinshasa ilitangaza mupango wa bustani za masomo, kwa jina "miti bilioni moja mpaka 2023". Mwaka 2023 umepita. Zunguka masomo ya kartie yako, hesabu miti iliyopandwa kwa mupango ule, halafu utwambie umehesabu mingapi. Hatusemi kwamba hakuna iliyopandwa. Tunasema kwamba kupanda ni siku moja, na muti ni miaka.

Angalia kalenda. Kila tarehe 5 Juni, siku ya dunia ya mazingira, watu wanapanda miti Bukavu. Juni! Wakati kiangazi kinaanza kwetu! Tarehe ile imewekwa kwa dunia nzima, haikuwekwa kwa Kivu. Muche uliopandwa tarehe 5 Juni unakutana na miezi mitatu ya jua na vumbi mbele ya kuona mvua ya kweli. Ule uliopandwa Oktoba una miezi saba au nane ya mvua ya kushusha mizizi mbele kiangazi kifike. Muche ule ule, mukono ule ule, lakini mumoja una nafasi na mwingine tumeuzika tu kwa heshima. Mwongozo wa Bukavu ungeandika jambo hili kwenye ukurasa wa kwanza, na hakuna mukubwa angeweza kusema hakujua.

Kuna sababu zingine ndogondogo ambazo kila mama mulimaji anazijua, lakini kampeni zetu hazijui. Muche unatiwa udongoni pamoja na sasheti yake ya plastiki, mizizi inazunguka ndani kama mutu aliyefungwa, unakauka. Shimo linachimbwa kama la kupanda haragi. Miche inasongamana juu feza ya proje imehesabu miche, haikuhesabu miti. Na sababu kubwa kupita zote ni kwamba muche hauna mwenyewe. Ni wa proje, na proje ikiisha, muche unakuwa yatima.

MUTI GANI, MAHALI GANI?

Hapa njo moyo wa kitabu tunachoomba. Ukisema "tupande miti" Bukavu, wengi wanafikiri mikaratusi. Tunaijua: inakomaa mbio, inatoa mbao, nguzo na makala, ukiikata inachipuka tena. Kwa mutu mwenye shamba Kabare au Walungu, ni akiba ya benki. Lakini mikaratusi inakunywa maji mengi, na chini yake majani mengine yanaota kwa shida, udongo unabaki uchi. Ukiipanda karibu na chemchemi ambayo wamama wa kartie wanachota kila asubuhi wakati REGIDESO haileti maji, umewaibia maji. Mwongozo hauna haja ya kuilaani. Useme tu: huku ndiyo, huku hapana.

Grevilea ni jambo lingine. Mizizi yake inashuka chini, haigombani sana na mimea ya shamba, na matawi yake yanaweza kukatwa kwa kuni bila kuua muti. Kwenye mipaka ya parseli na pembeni ya mashamba yaliyobaki huko Bagira, ina kazi.

Avoka ni muti wa siasa, na tunasema hivi bila muchezo. Muti wa avoka katika parseli unachungwa na familia nzima, juu unakula nao. Mutoto anajua matunda mangapi yamebaki. Hakuna mulinzi wa serikali anayeweza kushinda macho ya mama anayengoja avoka zikomae azipeleke soko la Nyawera au la Kadutu. Kama tunataka muti udumu pale watu wanapobanana, tuanze na muti unaolisha: avoka, pera, ndimu. Kivuli na mizizi vitakuja kama zawadi juu yake.

Kando ya Kahuwa na mito mingine midogo ya muji, panahitaji mimea inayoshika ukingo: mianzi, na majani ya vetiva yenye mizizi mirefu inayosimamisha udongo kama nyuzi za kikapu. Vetiva si muti, lakini ku mutelemuko mukali inaweza kufanya kazi ambayo muche hautafanya mbele ya miaka mitano. Kitabu kizuri kingesema: hapa weka kwanza majani, muti utafuata.

Pembeni ya njia kubwa kama avenue Patrice Lumumba, swali ni lingine: nyaya za umeme juu, bomba za maji chini. Muti murefu chini ya waya utakatwakatwa na SNEL mpaka uonekane kama nguzo yenye ugonjwa. Muti wenye mizizi mikali juu ya bomba utapasua bomba. Kuna miti ya kimo kidogo, kuna ile ya eneo hili letu kama Markhamia lutea yenye maua ya manjano, ambayo inaweza kurudisha kivuli kwa wamama wanaouza njiani na kwa motari anayengoja mteja kwenye jua.

Na miti ya asili yetu? Prunus africana iko Kahuzi-Biega, na gamba lake linatafutwa na viwanda vya dawa mpaka Ulaya. Ngapi kati yetu tunaweza kuitambua? Ujuzi huu hauhitaji kununuliwa nje. Kituo cha utafiti cha Lwiro kiko Kabare tangu wakati wa ukoloni. INERA iko Mulungu. Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu na Chuo Kikuu cha Kiinjili huko Panzi wanafundisha kilimo. Chuo Kikuu Rasmi, UOB, kina watu wanaopima mitelemuko ya muji huu kila siku. Wazee wa Bushi wanajua muti gani unapandwa kwenye mupaka, gani kwenye kaburi, gani kwenye maji. Ujuzi upo, lakini umetawanyika: kidogo katika tezi za wanafunzi zilizolala kabatini, kidogo katika kichwa cha muzee, kidogo katika mikono ya mama wa kitalu cha miche. Feza tunayoomba ni ya kuukusanya na kuupeleka mpaka ku avenyu.

MAHALI AMBAPO MUTI HAUTOSHI

Tuongee ukweli mugumu. Kuna mahali Bukavu ambapo hata ukipanda pori nzima, ardhi itaendelea kutembea. Funu inajulikana. Wataalamu wa UOB na wenzao wa nje wameipima mpaka kwa satelite: mulima unateremuka polepole, mwaka baada ya mwaka, na nyumba zinapasuka kuta. Mizizi ya muti inashika udongo wa juu, mita moja, mbili, wakati mwingine zaidi kidogo. Kama kinachoteremuka kiko chini sana kupita mizizi, muti unasafiri pamoja na nyumba.

Kuna watu watatumia miti kama pazia. Watapanda miche 500 mahali ambapo hakuna mutu aliyepaswa kupewa karatasi ya parseli, watapiga picha, watasema "tatizo la mitelemuko tumelishughulikia". Njo maana mwongozo wa kweli lazima uwe na ramani yenye rangi: hapa muti unasaidia, hapa unahitaji muti pamoja na mifereji ya maji, hapa hakuna wa kujenga tena. Rangi ya tatu njo itakayowasumbua wale wanaouza viwanja visivyouzika. Na familia zilizo pale tayari zisifukuzwe kama wanyama. Zitafutiwe mahali mbele ya kubomolewa kitu. Mwongozo wa miti usioweza kusema "hapana" kwa muuza-parseli ni karatasi ya kufungia sambusa.

USISAHAU MAKALA

Kila siku Bukavu inapika kwa makala, na sehemu ya makala ile inatoka ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega na pembeni yake. Mbuga ile ilianzishwa 1970, iliingia katika urithi wa dunia 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tunaweza kuimba gorila kila siku, lakini kama mama wa Kadutu hana umeme wa uhakika na gunia la makala ndilo linapika sombe yake, pori litaendelea kuteremuka muji ndani ya magunia.

Kwa hiyo mwongozo usiishie kwenye miti ya urembo. Useme pia miti ya kuni ipandwe wapi nje ya muji, kwa mapatano gani na wenye mashamba wa Kabare, ili pori liachwe lipumue. Anayepanda muti wa kukata anachunga muti usiopaswa kukatwa.

FEZA ITATOKA WAPI, NA JUU YA NINI FEZA YA MUSAADA?

Wengine watasema Mairie itumie kodi. Tunaijua hali ya kodi. Mishahara inachelewa, njia zinangoja. Kazi ya kukusanya ujuzi, kuchora ramani, kujaribu miche mwaka mzima na kuchapisha kitabu inahitaji feza mara moja, kwa muda unaojulikana. Feza ya musaada isiyorudishwa inafaa kazi kama hiyo kuliko deni. Na si feza ya kutisha. Ukiilinganisha na proje za mamilioni ya dola zinazopita Kivu kila mwaka na kuacha paka bango lenye kutu, ni kidogo.

Sheria inaruhusu. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 3, inasema muji na komini vina utu wao mbele ya sheria. Sheria namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008 inaeleza kazi zao. Meya hana haja ya kungoja Kinshasa imuandikie barua. Na kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mutu ana haki ya kuishi katika mazingira mazuri, na ana wajibu wa kuyatetea. Haki na wajibu, vyote viwili, katika kifungu kimoja.

Milango ipo. Kuna mupango wa misaada midogo wa Mufuko wa Mazingira wa Dunia, unaosimamiwa na PNUD, ambao unapokea maombi ya vyama vya raia. Vyama vya Bukavu vinaweza kuomba bega kwa bega na Mairie. Novemba 2021, huko Glasgow, Congo ilitia saini na CAFI mapatano ya dola milioni 500 mpaka 2026 kwa ajili ya mapori. Kama muji wetu hauandiki ombi, hauwezi kulalamika kwamba Kinshasa ilikula peke yake.

Na si ndoto. Kuna muji unaofanana na wetu: Freetown, Sierra Leone. Milima, maji chini, watu waliokimbia vita wakajenga ku mitelemuko. Tarehe 14 Agosti 2017 mulima uliteremuka, zaidi ya watu 1,000 wakapotea kwa asubuhi moja. Meya aliyechaguliwa mwaka uliofuata, mama Yvonne Aki-Sawyerr, alianzisha 2020 kampeni ya miti milioni moja, na feza ya kuanza ilitoka kwa musaada wa nje. Lakini angalia walichofanya: walichagua aina ya muti kwa kila mahali, mpaka mikoko kando ya bahari. Watu wa kartie wanalipwa kwa kuchunga, na kila muti unaandikishwa kwa simu ili ionekane kama bado unaishi. Kule malipo yanafuata muti ulio hai.

Afrika Mashariki tulijua siri hiyo zamani. Mama Wangari Maathai, alipoanzisha harakati yake Kenya mwaka 1977, aliwapa wamama wa vijijini feza kidogo kwa kila muche uliokamata. Uliokufa haukulipwa. Mwaka 2004 alipata tuzo la Nobel la amani, na hakulipata kwa sherehe za kushika mpaushi.

WANAOTUPINGA

"Watu wana njaa, vita iko Masisi na Kalehe, wakimbizi wanaingia, munaongea miti?" Ni swali la haki, na hatulidharau. Lakini aliyekimbia risasi akaja kujenga ku mutelemuko wa Panzi, mvua haitamuuliza alitoka wapi. Kumulinda asizikwe na udongo ni sehemu ya kumupokea. Na kazi ya kitalu, ya kuchimba mifereji, ya kuchunga miti kwa malipo, ni kazi ambayo kijana asiye na kazi anaweza kuifanya kesho.

"Vitabu vinaishia kabatini." Kweli kabisa. Tumeona mipango mingi yenye majina marefu, iliyozaliwa katika hoteli ya kando ya ziwa, ikafa siku perdiemu ilipokwisha. Njo maana tunaweka masharti hapa chini. Kitabu tunachotaka kinasomwa na shefu wa avenyu chini ya muti, kinasikilizwa kwa sauti katika WhatsApp, kina picha kwa muzee asiyesoma, na kinaruhusiwa kufotokopiwa bila kuomba mutu ruhusa.

"Hiyo ni mambo ya wazungu." Babu yako alikuwa na muti kwenye mupaka wa shamba lake, na alijua juu ya nini aliuchagua. Alikuwa na mwongozo. Haukuandikwa tu.

TUNACHOOMBA

Kwa Mairie ya Bukavu, kwa mabugumestre wa komini tatu, na kwa serikali ya Jimbo la Kivu Kusini:

1. Mbele ya mwisho wa mwaka huu, Mairie iandike ombi la feza ya musaada kwa ajili ya mwongozo wa kupanda miti wa Bukavu, na ombi lenyewe libandikwe kwenye ukuta wa Mairie na wa kila komini, pamoja na bajeti yake, mustari kwa mustari.

2. Mwongozo uandikwe na watu wa hapa: vyuo vyetu, Lwiro, INERA, wamama wa vitalu, mashefu wa avenyu, wazee, na vijana. Mutaalamu wa nje akaribishwe kama mugeni, asiwe mwenye nyumba.

3. Feza ya semina na perdiemu isipite ile inayokwenda ku kazi ya kiwanja: kupima mitelemuko, kujaribu miche, kuchapisha na kusambaza.

4. Mbele ya kuchapisha, mwongozo ujaribiwe mwaka mzima katika avenyu moja kwa kila komini, mvua na kiangazi, na matokeo yasomwe mbele ya watu, hata kama ni mabaya.

5. Ramani ya mahali pasipojengwa iwe ndani ya mwongozo, na huduma ya viwanja ya Leta isitoe tena karatasi mahali pale.

6. Kila kampeni ya miti katika muji huu, ya serikali, ya kanisa, ya ONG au ya kampuni, itangaze baada ya mwaka mumoja miti mingapi inaishi. Hesabu ya miche iliyopandwa haitupendezi tena.

NA WEWE, UNAFANYA NINI TOKA LEO?

Hatungoji Mairie tukiwa tumekunja mikono. Salongo ya Jumamosi ipo. Jumamosi hii, katika avenyu yako, chukueni daftari. Andikeni miti iliyosimama: aina gani, iko wapi, nani mwenyewe. Andikeni pia mahali maji yanapopita mvua ikianguka, na nyumba ambazo kuta zimepasuka. Ulizeni wazee watatu wa avenyu miti gani ilikuwepo walipokuwa watoto, na ilikatwa juu ya nini. Pigeni picha ya kila kampeni ya Desemba hii, na rudini kupiga picha mahali pale pale Septemba ijayo, kiangazi kikiisha. Tutaziweka picha hizo mbili pembeni kwa pembeni kwenye ukurasa huu, bila matusi, bila maneno mengi.

Daftari za avenyu zikijaa, tutazibeba mpaka Mairie kwa amani, mikono mitupu, mchana, kama tunavyofanya siku zote. Zitakuwa kurasa za kwanza za mwongozo. Hapo hakuna atakayeweza kusema kwamba wenyeji wa Bukavu hawakujua wanachotaka.

Mvua ya Novemba inakuja, na haitangoja ombi lisainiwe. Basi tuanze.